Mbiu ya vyuoni Mbeya na Iringa: Tunawaitaje vijana wetu?

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, katika makala haya tunataka kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana dogo, nalo ni namna wanafunzi wa vyuo vikuu wanavyoitwa kwenye shughuli zao. Wahenga wamesema kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Vyuoni siku hizi mbiu zinalia kutwa kucha. Kila ubao una bango na kila simu ina ujumbe. Lakini aghalabu jambo lenyewe linapofika, viti hubaki vitupu.

Hayo tuliyashuhudia jijini Mbeya, katika chuo kimoja ambacho hatutakitaja jina. Jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ilikuwa imeandaa siku ya kuchangia damu, Jumamosi asubuhi, na wanafunzi wote wa chuo, wa dini zote, walikaribishwa. Wauguzi walifika mapema, vitanda vikatandikwa, soda na biskuti za wachangiaji zikapangwa mezani. Hadi saa tano asubuhi walikuwa wamefika vijana tisa, na watano kati yao walikuwa viongozi wa jumuiya yenyewe.

Wakati wa kuondoka tulilitazama bango la shughuli hiyo pale getini. Lilikuwa na rangi saba, picha kubwa ya moyo, nembo za wafadhili, na majina ya wageni rasmi pamoja na vyeo vyao. Tulilisoma mara mbili tukitafuta ni ukumbi gani. Ukumbi haukutajwa.

Huenda msomaji akasema hiyo ni kasoro ndogo. Lakini Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao una kituo cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapo hapo Mbeya, huwategemea sana wanafunzi katika kupata wachangiaji. Chupa ya damu iliyokosekana Jumamosi ile ingeweza kumfaa mama aliyejifungua kwa shida, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, au majeruhi wa ajali katika miteremko ya barabara kuu iendayo Tunduma. Vijana wa chuo kile hawakuwa wachoyo wa damu yao. Hawakuitwa ipasavyo.

Kuita ni elimu

Waislamu hatupaswi kuidharau elimu ya kuita watu, kwani historia yetu imejaa mafunzo yake. Waislamu walipokwisha kutulia Madina, walihitaji namna ya kujulishana kuwa wakati wa sala umefika. Wapo waliopendekeza kengele, wapo waliopendekeza pembe, na wapo waliopendekeza uwashwe moto. Ndipo Abdullah bin Zayd (RA) alipooteshwa maneno ya adhana. Mtume (SAW) akayaridhia, na akamwagiza amfundishe Bilal (RA), kwa kuwa Bilal alikuwa na sauti nzuri zaidi.

Tuzingatie mambo matatu katika kisa hicho. Kwanza, ulichaguliwa wito usiofanana na wa watu wengine, ili anayeusikia asiuchanganye. Pili, aliyeota hakung'ang'ania kuwa yeye ndiye aite, bali kazi alipewa mwenye kipaji. Tatu, maneno yenyewe ni machache, na ndani yake msikilizaji anajua anaitiwa nini na kina faida gani kwake.

Kabla ya hapo, kule Makka, Mtume (SAW) alipanda kilima cha Safa na kuziita koo za Maquraishi, ukoo mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao. Alitumia desturi ambayo watu wa mji ule waliijua, kwani aliyepanda mahali pa juu na kupaza sauti alikuwa na habari nzito. Wapokezi wanasimulia kuwa hata yule aliyeshindwa kwenda alimtuma mtu akaangalie kuna nini. Huo ndio wito uliofika.

Kushika jicho

Sasa turudi katika Nyanda zetu za Juu Kusini. Katika kizazi kimoja tu mikoa ya Mbeya na Iringa imegeuka kuwa mikoa ya vyuo vikuu. Chuo cha Ufundi Mbeya kilichoanza mwaka 1986 kilipandishwa kuwa taasisi mwaka 2005, na leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Chuo Kikuu Mzumbe kina kampasi jijini humo, na Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji (TEKU) ni cha Kanisa la Moravian. Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho ni cha Walutheri, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha. Kuna pia Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mkwawa. Katika vyuo vyote hivi wamo watoto wetu kutoka Tanga, Kigoma, Lindi, Unguja na kwingineko. Wengi wao hufika mwezi wa Oktoba au Novemba, bila ya ndugu wala jirani, mvua za masika ya huko zikikaribia.

Kijana wa namna hiyo anaposimama mbele ya ubao wa matangazo hukuta karatasi hamsini, kila moja ikipiga kelele. Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Kijerumani, Hedwig von Restorff, alionyesha kwa majaribio kuwa kitu kilicho tofauti na vinavyokizunguka hukumbukwa zaidi kuliko vinavyofanana. Maana yake ni kuwa mahali ambapo mabango yote yana rangi saba, bango la nane lenye rangi saba halionekani. Huonekana lile jeupe lenye neno moja jeusi katikati.

Mjini Iringa tulikuta jumuiya moja ya wanafunzi iliyolielewa jambo hili bila ya kusoma kitabu cha saikolojia. Nao walikuwa na siku ya kuchangia damu. Jumatatu walibandika karatasi nyeupe zenye neno moja tu: "Kitendawili!" Hazikuwa na nembo wala saa. Wanafunzi wakawa wanapita na kujibu kwa mzaha, "Tega!" Wengine waliandika jibu hilo kwa kalamu chini ya karatasi. Jumatano karatasi zilibadilishwa, kitendawili kikategwa: "Ninacho, unacho, dukani hakiuzwi, kiwandani hakitengenezwi, na anayekihitaji leo hawezi kungoja kesho." Siku mbili nzima watu walibishana kantini na kwenye foleni ya maktaba. Ijumaa lilitoka jibu, na pamoja na jibu hilo jina la ukumbi, mlango wa kuingilia, saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

Ndugu msomaji, gharama ya kazi hiyo ilikuwa karatasi na gundi. Vijana hawa walichota kisimani mwa bibi zao. Kitendawili ni mchezo ambao kila mtoto aliyelelewa katika Kiswahili anajua kuwa hauachwi njiani. Ukishaitikia tega, lazima ungoje jibu. Hali kadhalika jumuiya hiyo ilifunga kanga kwenye kamba baina ya miti miwili njiani kuelekea mabweni, na chini yake ikaandikwa saa ya shughuli. Kanga husomwa. Hapana mtu wa kwetu apitaye mbele ya kanga iliyotandazwa asilitafute jina lake.

Na kwa kuwa Iringa ina baridi, asubuhi ya siku yenyewe palikuwa na birika la chai ya tangawizi mlangoni, na kila aliyekuja na mwenzake alipata kikombe cha kwanza. Foleni ilifika nje. Kweli, walikuwapo waliokunywa chai wakaenda zao bila ya kutoa damu. Hatukuona ubaya, maana angalau wameijua njia ya ukumbi.

Mpaka wa adabu

Hata hivyo si kila kinachoshika jicho ni halali kukitumia. Chuo cha Mkwawa ni kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika historia ya mama huyo kuna kisa chenye somo. Wanafunzi wa Mlimani walikuwa na desturi iliyorithiwa kutoka vyuo vya Uingereza, iliyoitwa Rag Day. Siku hiyo wanafunzi walivaa matambara na kuzunguka mjini kwa malori ili watu wawatazame, wacheke, na watoe fedha za kusaidia maskini. Kama ni kuvuta macho, hapana tangazo lililoshinda lile.

Novemba 1968 wanafunzi wenzao wa chama cha USARF, ambacho mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, waliipinga desturi hiyo. Walisema kuwa kuvaa matambara kwa mchezo katika nchi ambayo wengi huyavaa kwa dhiki ni kuwadhihaki wale wale wanaodaiwa kusaidiwa. Matairi ya malori yalitolewa upepo, na msafara ukakwama. Sisi hatumhimizi mtu kutoa upepo matairi ya mwenzake. Lakini hoja yao ilikuwa nzito, nayo ingali hai: kabla ya kufurahia kuwa watu wametazama, tujiulize ni nani aliyefanywa kichekesho ili watazame.

Kwa mnasaba huo, yapo mambo ambayo vijana wetu wanapaswa kuyaepuka hata kama yanajaza ukumbi. Kutangaza jina la sheikh au msomi mashuhuri ambaye hajathibitisha kuja ni uongo, na aliyedanganywa mara moja haji tena. Kubandika picha ya dada mchangiaji bila ya idhini yake ni kuvunja heshima yake. Kubandua bango la chama kingine ili kupata nafasi ni dhulma. Na kupiga spika usiku karibu na maktaba wakati wenzao wanajiandaa na mitihani ni kuwaudhi wale wale wanaowaita.

Kadhalika wanaosoma katika vyuo vya makanisa wakumbuke kuwa kila nyumba ina utaratibu wake. Wapeleke barua mapema kwa mshauri wa wanafunzi, waulize ni ubao upi unaruhusiwa, na baada ya shughuli wayaondoe mabango yao wenyewe. Anayeacha ukuta safi leo hatanyimwa ukuta kesho. Zaidi ya hayo, wenyeji wao watawajua Waislamu kwa tabia hiyo kabla ya kuwajua kwa mhadhara wowote.

Kutoka jicho hadi mguu

Sasa tuingie katika kiini cha maneno yetu. Jicho likishashikwa, mguu utakuja? Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake walifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Walitaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho waende kuchanjwa dhidi ya pepopunda. Baadhi walipewa vijitabu vyenye maelezo na picha za kutisha, wengine vyenye maneno ya upole. Vile vya kutisha viliwafanya wanafunzi waseme kwa nguvu zaidi kuwa chanjo ni muhimu. Lakini waliokwenda kuchanjwa hasa hawakupambanuliwa na hofu.

Kilichowapambanua kilikuwa kitu cha kawaida mno. Baadhi yao walipewa pia ramani ya chuo, kituo cha afya kikiwa kimezungushiwa alama, pamoja na saa za chanjo, na wakaombwa wapange katika ratiba zao ni lini watapita hapo. Katika hao walikwenda takriban 28 kwa kila 100. Katika wale wasiopewa maelekezo hayo walikwenda takriban 3 kwa kila 100. Nao walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambao bila ya shaka walikijua kituo hicho tangu zamani! Ikiwa mwenyeji wa miaka mingi alihitaji kuonyeshwa njia, sembuse binti wa mwaka wa kwanza aliyeshuka Mbeya wiki iliyopita na bado anapotea baina ya Kabwe na Mafiati?

Basi tangazo liseme wazi ni ukumbi upi, jengo gani, na anayetoka mjini ashukie kituo gani cha daladala. Na suala la saa lina mtego wake. Ratiba za vyuo vingi huandikwa kwa saa za Kizungu, ilhali sisi tunahesabu kwa Kiswahili. Bango likisema "saa 8" bila ya neno lingine, mmoja atafika asubuhi akute mlango umefungwa, na mwingine atafika mchana akute watu wametawanyika. Neno "mchana" au "asubuhi" halina bei, lakini limekwisha kuharibu shughuli nyingi kwa kukosekana kwake.

Siku nayo ichaguliwe kwa busara. Nabii Musa (AS) alipotakiwa na Firauni apange miadi ya mkutano wao mbele ya watu, katika Surat Taha, aya ya 59, tunafunzwa kuwa alichagua siku ya sikukuu, na wakati wa dhuha, jua likiwa limepanda. Ni siku ambayo watu wana nafasi, na ni saa ambayo kila mtu anaona. Waandaaji wetu wangelizingatia hilo wasingepanga semina katika wiki ya majaribio, wala mkutano wa usiku mwezi wa Juni au Julai, wakati baridi ya Mbeya na Iringa inapenya mifupa, na mabinti wanaopanga mitaani hawana usafiri salama wa kurudi.

Jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni mwaliko wa mtu kwa mtu. Huko nyumbani, hata harusi iwe na kadi za kupendeza kiasi gani, bado watu hutumwa kupita nyumba kwa nyumba kusema kwa mdomo, kwani kadi inaarifu tu, na mtu ndiye anayealika. Vyuoni pia ni hivyo hivyo. Ujumbe uliosambazwa katika makundi kumi ya WhatsApp kila mmoja hudhani ni wa mwingine. Lakini kijana akigongewa mlango wa bweni na mwenzake wa darasa, akatajwa kwa jina, akaambiwa, "Kesho saa mbili na nusu asubuhi nitakupitia twende pamoja," huyo atakuja, au angalau atatafuta udhuru wa kweli. Waandaaji hamsini wakijigawia watu wawili wawili wa kuwapitia wamekwisha kuwa mia na hamsini kabla ya bango la kwanza kubandikwa. Na waanze na wale wa mwaka wa kwanza, ambao hawana wa kuwapitia.

Wazazi nasi tuna nafasi yetu

Pengine mzazi unayesoma makala haya ukiwa Tanga au Songea unajiuliza haya yanakuhusu nini. Yanakuhusu kwa sababu mwanao ataitika wito fulani. Hakuna kijana anayekaa bila ya kuitwa. Wanaowaita vijana kwenye kamari za simu hawalali. Wanajua jina lake, wanajua saa anayoshika simu, wanajua siku ambayo bumu limeingia katika akaunti yake, na wanampa maelekezo rahisi ya kubonyeza hapa na pale. Wenye michezo ya upatu nao humtuma rafiki yake wa chumbani. Hao hawana jambo la maana, lakini mbiu yao ni kali. Wenye jambo la maana wakiita kwa uvivu, wa kumlaumu ni nani?

Kwa hiyo unapompigia simu mwanao usiishie kuuliza mitihani na pesa ya matumizi. Muulize wiki hii alialikwa wapi, na yeye alimwalika nani. Ikiwa ni kiongozi wa jumuiya, mchangie gharama za karatasi na chai, maana aghalabu vijana hawa hutoa katika fedha zao za chakula. Na Waislamu wenyeji wa Mbeya na Iringa, tunawaomba siku za futari na sikukuu za Idi wasingoje wanafunzi wabishe hodi. Waende vyuoni wakawaalike kwa majina. Mwanafunzi aliyefuturu peke yake chumbani, huku mtaa wa pili sahani zimebaki, ni aibu yetu sote.

Mwisho, wapo watakaofanya yote haya na bado ukumbi usijae. Wasivunjike moyo. Nabii Nuh (AS) aliita usiku na mchana, kwa siri na kwa dhahiri, akabadilisha njia baada ya njia katika muda wa miaka 950, na waliomfuata walikuwa wachache. Hakulaumiwa kwa uchache wao, kwa sababu hakuwa amebakisha njia. Nasi tutaulizwa kama tuliita vizuri: kwa ukweli, kwa adabu, na kwa kuonyesha njia.

Tunamuomba Allah (SW) awahifadhi vijana wetu walio mbali na nyumbani, awajaalie waitikie yaliyo ya kheri, na awape viongozi wao hekima ya kuita. Amin.

Wallahu a'lam.